Mana ya Mapema: Kuchagua Kadi za Nyongeza katika Magic

Sheria moja ndogo inautawala mchezo wa Magic: The Gathering tangu ulipotoka Agosti 1993: mchezaji anashusha kadi moja tu ya ardhi katika kila zamu yake. Ardhi huzaa mana, na mana ndiyo malipo ya kila kitu kingine mezani, iwe ni joka, jeshi la wafu au moto wa kuteketeza kila kiumbe. Zamu ya kwanza una mana 1, ya pili 2, ya tatu 3, na hivyo hivyo kwenda juu, mradi ardhi zisikukatikie njiani. Richard Garfield, aliyeubuni mchezo huu, aliweka breki hiyo, kisha katika toleo lilelile la kwanza zikachapishwa kadi za kuikwepa, yaani kadi za nyongeza: Llanowar Elves, Birds of Paradise, Dark Ritual, Sol Ring, zile Mox tano na Black Lotus. Miaka zaidi ya 30 imepita, kadi za namna hiyo zimeongezeka kupita kiasi, na mtu anayeunda bunda lake bado anakwama palepale: aweke zipi, ngapi, na kwa ajili ya nini?

Jibu la mkato linalozunguka miongoni mwa wachezaji ni "weka 10". Si jibu baya, ila linaanzia pasipofaa. Idadi ni jambo la kuamuliwa mwishoni. La kwanza ni zamu: bunda hili linataka kufika wapi, na lifike zamu ya ngapi? Ukishajua hilo unarudi nyuma hatua kwa hatua, na kadi za nyongeza zinajichagua karibu zenyewe. Usipojua, hata ukinunua kadi ghali kuliko zote sokoni utakuwa na mana nyingi na kazi haba.

Nitabaki kwenye mtindo wa Commander, kwa kuwa huko ndiko suala hili lina uzito mkubwa. Bunda ni la kadi 100, mojawapo ikiwa Kamanda anayekaa pembeni akisubiri kuitwa. Ukiondoa ardhi za msingi, hakuna kadi inayorudiwa. Kila mchezaji anaanza na uhai 40, na mezani kwa kawaida mnakaa wanne. Mtindo huu uliasisiwa na mashabiki wenyewe, ukajulikana kwa jina la Elder Dragon Highlander, na mwaka 2011 Wizards of the Coast wakaanza kuuza mabunda yake yaliyokwisha kupangwa. Uhai ni mwingi na wapinzani ni watatu, kwa hiyo mechi hazimalizwi upesi, na watu hujaza mabunda kadi za mana 5, 6 na 7. Asiye na nyongeza hubaki kutazama wenzake wakicheza.

Tumtazame Krenko, Mob Boss kwa karibu. Ni Kamanda mwekundu wa mana 4. Ukimlaza, yaani ukiigeuza kadi yake upande ili kumtumia, anazaa goblini wapya kwa idadi ya goblini ulio nao, naye mwenyewe akihesabiwa, ila hawezi kulazwa katika zamu aliyoshuka. Bila nyongeza anashuka zamu ya 4 na kuanza kazi zamu ya 5, na kufikia zamu ya 7 una goblini 8. Shusha jiwe, yaani kifaa cha kutoa mana, la mana 2 katika zamu ya 2, Krenko aje zamu ya 3 na kuanza kazi zamu ya 4: zamu ya 7 goblini ni 16. Kwa hesabu ya juu juu jiwe hilo limekupa mana moja ya ziada kwa zamu. Kwa hesabu ya kweli limekupa jeshi maradufu, na litabaki maradufu kila zamu hadi mtu amwondoe Krenko.

Sasa weka Commander's Sphere, jiwe la mana 3, katika bunda hilohilo. Linashuka zamu ya 3. Zamu ya 4 una mana 5, na Krenko anashuka katika zamu ileile ambayo angeshuka bila jiwe lolote. Mana iliyobaki itapata kazi ndogo, lakini lengo la bunda halijasogea hata hatua moja. Mawe haya mawili yanafanana machoni, kila moja likitoa mana 1, na wachezaji wengi wanayahesabu pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa Krenko si kitu kimoja kabisa. Ndiyo maana nasema gharama ya kadi ya nyongeza ni muhimu kuliko kile inachotoa.

Mtindo huu wa kuhesabu unafaa kwa Kamanda yeyote. Kamanda wa mana 3 anataka nyongeza za mana 1, yaani Llanowar Elves, Birds of Paradise au Wild Growth, ili ashuke zamu ya 2. Jiwe la mana 2 halimharakishi, kwa sababu zamu ya 3 angeshuka hata hivyo. Kamanda wa mana 4 anataka nyongeza za mana 2. Kamanda wa mana 5 anaweza kuja zamu ya 4 kwa nyongeza moja ya mana 2, au zamu ya 3 ukibahatika kupata ya mana 1 ikifuatwa na ya mana 2. Kuanzia mana 6 ngazi inabadilika: nyongeza ya mana 2 zamu ya 2, halafu zamu ya 3 una mana 4 mkononi, na hapo ndipo kadi kama Explosive Vegetation, inayotoa ardhi mbili za msingi kwa mana 4, inapopata nafasi yake halali.

Lakini bei iliyoandikwa kwenye kadi ya Kamanda inaweza kudanganya. The Ur-Dragon anagharimu mana 9, rangi zote tano zikiwemo. Mgeni ataona 9 na kukusanya kila nyongeza iliyopo. Ukisoma kadi yenyewe utakuta kwamba anapunguza gharama ya majoka wengine kwa mana 1 akiwa bado pembeni, hajashuka. Basi kituo cha kwanza cha bunda si 9, bali ni wale majoka wa mana 6, 7 na 8. Nature's Lore zamu ya 2, Explosive Vegetation zamu ya 3, kisha ardhi yako ya kawaida zamu ya 4, na una mana 7 za kumshusha joka wa mana 8. The Ur-Dragon mwenyewe atakuja baadaye kumaliza kazi, ikiwa itabaki ya kumaliza.

Kinyume chake ni Yuriko, the Tiger's Shadow. Anaingia kininja kwa mana 2, akibadilishana nafasi na kiumbe mwenzake aliyeshambulia bila kuzuiwa. Kamanda wa kawaida akiuawa anaongezewa mana 2 kwenye bei kila unapomwita tena. Yuriko akiingia kwa njia yake hapandi bei kabisa. Anachohitaji ni viumbe wepesi wa mana 1 wa kumtangulia. Kila nafasi utakayoijaza jiwe ni nafasi uliyomnyima kiumbe mmoja wa hao, na bunda linazidi kuwa zito huku likidhaniwa linaongezewa kasi. Sijaona sababu ya kumpa Yuriko nyongeza 10 kwa vile tu mtu fulani alisema 10.

Baada ya zamu kuna swali la pili: kadi inarudisha lini ulichoilipia? Jiwe la mana 2 linalotoa mana 1 hujilipa baada ya kulazwa mara mbili. Thran Dynamo ni ghali, mana 4, lakini inatoa mana 3 zisizo na rangi, na kwa kuwa inashuka ikiwa imesimama, zamu ileile inakurudishia 3 na unabaki umetumia 1 tu. Gilded Lotus kwa mana 5 hurudisha 3 za rangi yoyote moja. Worn Powerstone inashuka ikiwa imelala, kwa hiyo zamu hiyo hupati kitu. Kusimama au kulala wakati wa kushuka kunaonekana jambo dogo, na wengi wanalipita. Chukua zamu ya 4, una ardhi 4. Ukitumia mana 2 kwa Rampant Growth, ardhi inayokuja imelala, na umebakiwa na mana 2. Ukitumia mana 2 zilezile kwa Nature's Lore au Three Visits, msitu unaokuja umesimama, na umebakiwa na mana 3: Cultivate inaingia zamu hiyohiyo, au kiumbe wa kukulinda. Bei ni moja, kazi inakaribiana, matokeo yako mbali.

Rampant Growth ilitoka kwa mara ya kwanza katika Mirage, toleo la 1996, na hilo ndilo toleo ambalo msomaji wa pwani yetu atakutana nalo kwa mshangao. Bara lake, Jamuraa, limechotwa Afrika, na majina ya mashujaa wake ni ya watu tunaoishi nao mitaani: Hakim, Rashida, Jabari, Zuberi. Toleo hilohilo lilileta pia almasi tano za mana 2, moja kwa kila rangi, zinazoshuka zikiwa zimelala. Matawi makubwa mawili ya nyongeza za bei hiyo yalikuwa mezani mwaka huo mmoja: ardhi inayotafutwa bundani, na jiwe.

Mawe yamepiga hatua tangu hapo. Talisman tano za Mirrodin za 2003, zikaongezwa tano nyingine mwaka 2019, zinashuka zimesimama na kutoa mana isiyo na rangi bure, au ya rangi moja kati ya mbili kwa kukuumiza uhai 1. Signet kumi za matoleo ya Ravnica ya 2005 na 2006 hazikuumizi, lakini zinataka uzilishe mana 1 ili zitoe 2. Ukiwa na Signet pekee iliyosimama na ardhi zote zimelala, umekwama. Talisman ingekulipia kadi ya mana 1. Kwenye uhai 40, mimi huchagua Talisman kwanza. Kuna wanaoona ni bure kujiumiza kwa jambo ambalo Signet inalifanya kwa usalama, na katika bunda lenye rangi nzito mbili, ambako kila kadi inadai rangi mbili kwa mpigo, wana hoja. Arcane Signet ya 2019 inazipita zote kwa sababu haina masharti: mana 2, inashuka imesimama, inatoa rangi yoyote ya Kamanda wako. Imekuwa ikitiwa katika mabunda mengi yaliyopangwa, hivyo haina sababu ya kukosekana.

Hapo tunafika kwa Sol Ring. Inagharimu mana 1 na kutoa 2 kila zamu, yaani inajilipa na kukupa faida papo hapo. Ukiishusha zamu ya 1, zamu ya 2 una mana 4, na wenzako wana 2. Hakuna mjadala wa kuiweka au kutoiweka, isipokuwa kwa wachache wanaoikataa kwa msimamo. Kwa mchezaji mmoja, nafasi ya kuwa nayo katika kadi 7 za kwanza ni 7 kwa 99, takriban asilimia 7. Mezani mpo wanne na kila mmoja anayo. Nafasi kwamba angalau mmoja wenu ataanza nayo mkononi ni asilimia 25, kabla hata mtu hajarudisha kadi zake na kuchanga upya. Mechi moja katika kila nne ina mtu aliyeanza mbio akiwa mbele ya wenzake.

Mnamo 23 Septemba 2024 kamati ya sheria ya Commander ilipiga marufuku Mana Crypt, Jeweled Lotus na Dockside Extortionist, pamoja na Nadu, Winged Wisdom. Mana Crypt ilikuwa bure kabisa, mana 0, ikitoa 2 kila zamu huku ikikurushia sarafu ya kukuumiza. Jeweled Lotus, iliyotoka 2020, ilikuwa nayo ya mana 0, ikivunjwa mara moja kutoa mana 3 za kumwita Kamanda. Dockside Extortionist wa mana 2 alitoa Hazina, vifaa vya kuvunjwa ili kutoa mana, kwa idadi ya vifaa na uchawi wa kudumu wa wapinzani, na meza iliyojaa mawe ilimpa mana nyingi kuliko anavyoweza mtu kuzitumia kwa heshima. Kamati ilitaka kupunguza mechi zinazoamuliwa katika zamu za mwanzo kabisa. Ghadhabu zilizofuata zilikuwa za aibu. Wanakamati walitishiwa, na wiki moja baadaye, 30 Septemba, usimamizi wa mtindo ukakabidhiwa Wizards of the Coast.

Naamini kamati ilikuwa na haki. Kadi hizo zilifuta kazi yote niliyoieleza hapo juu. Hukuhitaji kujua bunda lako linakwenda wapi. Ulihitaji kuziokota tu. Sol Ring iliachwa kwa kuwa imekuwa alama ya mtindo wenyewe, na mtu mkweli atakubali kwamba kwa hesabu peke yake ingestahili hukumu ileile. Lakini kuna tofauti ninayoiona muhimu: Sol Ring iko kwa kila mtu, hata kwa aliyenunua bunda lake la kwanza lililopangwa, ilhali zile nyingine ziligawa meza kati ya wenye fedha na wasio nazo. Gaea's Cradle ya 1998 bado ina tabia hiyo, maana iko kwenye orodha ya kadi ambazo kampuni iliahidi kutozichapisha tena, ahadi iliyoanza 1996. Mwaka 2025 Wizards walitoa ngazi za nguvu za mabunda na orodha ya kadi za kuangaliwa. Gaea's Cradle, Mana Vault na Chrome Mox zimo. Kwenye meza za kawaida, basi, kadi hizo si tu ghali bali pia zinakupandisha ngazi ambayo wenzako huenda hawakuja kuicheza.

Jambo linalosahaulika mpaka siku linapouma ni udhaifu. Nyongeza inaweza kuwa kiumbe, kifaa au ardhi, na kila kimoja kina adui wake. Viumbe ni wa bei nafuu na wa haraka kuliko vyote, lakini Wrath of God imekuwepo tangu toleo la kwanza, na kwenye meza ya watu wanne kuna mtu ana kadi ya kufagia viumbe wote. Ukiwa na Llanowar Elves na wenzake watatu mezani pamoja na ardhi 3, mfagio mmoja unakurudisha kutoka mana 7 hadi 3. Mawe yana usalama zaidi, lakini Vandalblast kwa mana 5 inavunja vifaa vyote vya wapinzani kwa mpigo mmoja na kumwachia mwenyewe vyake. Farewell ya 2022, kwa mana 6, inaweza kuondoa viumbe, vifaa na uchawi wa kudumu vyote pamoja. Ardhi inaziacha.

Hiyo ndiyo nguvu ya kijani. Ardhi iliyotafutwa na Cultivate, Kodama's Reach au Farseek inakaa mezani hadi mwisho, kwa sababu kadi za kuangamiza ardhi zote, kama Armageddon, hazipendwi na meza nyingi na watu huwekeana makubaliano ya kutozitumia. Kwa hiyo nikiwa na kijani kwenye bunda, ardhi zinatangulia, kisha viumbe wawili watatu wa mana 1 ikiwa Kamanda anawataka, na mawe yanabaki Sol Ring na Arcane Signet. Sakura-Tribe Elder anastahili kutajwa peke yake: anashuka kwa mana 2, anamzuia mshambuliaji, kisha anajitoa mhanga kabla ya pigo na kukuletea ardhi ya msingi. Kadi moja imefanya kazi mbili, na hakuna mfagio uliopata nafasi ya kumgusa.

Kijani pia hutatua tatizo la rangi kwa namna ambayo wengi hawaioni mara moja. Nature's Lore haisemi ardhi ya msingi. Inasema ardhi yenye aina ya msitu. Zipo ardhi za rangi mbili, kama Overgrown Tomb na Breeding Pool, ambazo ni misitu kwa aina. Kwa mana 2, basi, unaweza kuleta rangi unayoikosa, na ukilipa uhai 2 inaingia imesimama. Kwa bunda la rangi tatu au zaidi hilo ni tofauti kati ya kucheza na kukaa na kadi za rangi usizoweza kuzilipia.

Nyeupe ilikuwa maskini kwa miaka mingi, na iliyo nayo sasa inafanya kazi kwa masharti. Knight of the White Orchid huleta ardhi ya tambarare ikiwa mpinzani anakuzidi ardhi. Archaeomancer's Map ya 2021 hukuruhusu kushusha ardhi ya ziada kila mpinzani anayekuzidi anaposhusha yake. Zinafaa sana mezani penye mchezaji wa kijani na zinadorora pasipo naye. Smothering Tithe ya 2019 ni jambo jingine: kila mpinzani anapookota kadi anapaswa kulipa mana 2, la sivyo unapata Hazina. Wapinzani watatu, Hazina tatu kwa mzunguko, kwa kadi ya mana 4. Nyeusi ina Cabal Coffers kwa wenye vinamasi vingi. Bluu na nyekundu, zikiwa peke yake, zinategemea mawe, hakuna njia ya kulizunguka hilo.

Mana za mara moja, kama Dark Ritual inayogeuza 1 kuwa 3 na kuisha, nazipita haraka. Zinafaa bunda linalomaliza mechi katika zamu moja. Kwingineko unatoa kadi nzima kwa mana 2 za zamu moja.

Zinazodharauliwa bila sababu ni kadi za kupunguza gharama. Ruby Medallion ya 1997 inapunguza mana 1 kwa kila kadi nyekundu. Ukicheza kadi moja kwa zamu ni sawa na jiwe la kawaida. Ukicheza tatu, imekuokolea mana 3. Urza's Incubator inapunguza 2 kwa kila kiumbe wa aina uliyoichagua, na pamoja na The Ur-Dragon aliye pembeni, joka wa mana 7 anashuka kwa 4, ikiwa sehemu ya kutosha ya bei yake haidai rangi maalumu. Kabla ya kuweka jiwe la sita au la saba, hesabu ni kadi ngapi unazicheza kwa zamu kuanzia zamu ya 5. Zikiwa zaidi ya moja kwa wastani, kipunguza gharama kinashinda.

Sasa idadi. Kufikia zamu ya 2 kwenye meza ya wanne umeona kadi 9 kati ya 99, kwa kuwa hata anayeanza anaokota. Nafasi ya kuwa na angalau nyongeza moja ya mana 1 au 2 kufikia hapo, ukiwa nazo 6 bundani, ni asilimia 44. Ukiwa nazo 8 ni asilimia 55, ukiwa nazo 10 ni 63, na ukiwa nazo 12 ni 70. Tazama jinsi hatua zinavyopungua: kutoka 6 hadi 8 unapata karibu asilimia 10, kutoka 10 hadi 12 unapata 7. Kwa Krenko, ambaye zamu ya 3 ni kila kitu, ningekwenda 12 bila kusita, zote za mana 2 au chini. Kwa Kamanda wa mana 6 ningekuwa na 8 za bei hiyo na nyingine 4 za mana 3 na 4. Zile "10" za wachezaji huchanganya kadi za kila bei kwenye hesabu moja, na hapo ndipo bunda linakuwa na nyongeza 10 kwa karatasi huku zamu ya 2 likiwa na nafasi ya asilimia 44, ikiwa za mana 1 au 2 ni 6 tu.

Hizi nafasi zinafaa kitu ikiwa tu ardhi zipo. Wengi hupunguza ardhi hadi 33 wakisema mawe yatafidia. Ardhi 33 katika kadi 99 ni theluthi moja kamili: kufikia zamu ya 4, ukiwa umeona kadi 11, wastani wako ni ardhi 3.67. Ukiwa nazo 37 wastani ni 4.11. Pengo linaonekana dogo, lakini linaangukia kwenye zamu zilezile tulizokuwa tukizipigania. Jiwe la mana 2 linahitaji ardhi 2 kwanza. Halimsaidii mtu aliyekwama na 1. Mimi huanza na 37, na nikitaka kupunguza ninatoa jiwe la mana 3 kabla ya kugusa ardhi.

Upande mwingine wa idadi ni zamu ya 10, pale mkono unapokuwa mtupu nawe unaokota Rampant Growth. Kadi 12 za nyongeza zina maana kwamba karibu moja katika kila nane unazookota wakati huo haina kazi. Kwa hiyo zipo kadi ninazozichagua hata kama ni dhaifu kidogo mwanzoni. Mind Stone ya 1997 inatoa mana 1 isiyo na rangi, na ukichoka nayo unalipa 1, unaivunja na kuokota kadi. Commander's Sphere inavunjwa bila malipo yoyote, hata mtu anapokuwa ameshaielekezea Vandalblast. Cultivate inaleta ardhi mbili, moja mezani na moja mkononi, kwa hiyo haikupotezei kadi. Na mana yenyewe inahitaji pa kwenda. Bunda lenye nyongeza 12 na kadi 4 za kuokotesha litafika zamu ya 5 likiwa na mana 8 na kadi moja mkononi; nimeliona hilo kwenye meza nyingi kuliko ninavyoliona tatizo la kukosa mana. Uwiano wangu ni kadi za kuokotesha zisipungue nyongeza kwa zaidi ya mbili.

Hilo ndilo linaloniongoza kwenye kadi za kuzidisha mana. Mirari's Wake ya 2002 inaongezea mana moja kila ardhi unayoilaza, na pia inawatia nguvu viumbe wako. Nyxbloom Ancient ya 2020 inaizidisha mara tatu, lakini inagharimu 7. Mwenye mana 7 tayari yuko mahali pazuri, na kadi inayompeleka 21 ina maana tu ikiwa bundani kuna kadi ambayo gharama yake haina kikomo, ile unayoilipa kadiri unavyoweza na ikakua kadiri ulivyolipa. Kama bunda lako lina kadi tatu za namna hiyo au zaidi, weka Nyxbloom Ancient na umtafute kwa bidii. Kama halina, nafasi hiyo mpe joka, au mpe Mind Stone.